Moteri ya pirogi inapogoma: dalili, sababu na la kufanya kwenye Ziwa Kivu

Kijana mmoja alinifuata Kituku, bandari ya hapa Goma, saa moja asubuhi, kapo (kifuniko) ya moteri begani kama mtu aliyebeba mlango. "Papa fundi, moteri yetu imekufa. Tumevuta kamba mpaka mikono imechubuka." Nikamwuliza ile kamba nyekundu ya usalama iko wapi. Akatazama maji, akanitazama mimi, akaingiza mkono mfukoni. Ilikuwa humo. Jana yake aliichomoa ili wezi wasiwashe moteri usiku, asubuhi akasahau.

Moteri nyingi zinazoletwa kwangu haziumwi moteri. Zinaumwa mafuta, hewa au usahaulifu. Ndiyo maana hapa chini, kwa kila dalili, naanza na sababu inayojirudia zaidi, ile ambayo haihitaji hata funguo moja, ndipo nishuke kwenye zile za kufungua vyuma. Ukiona neno ACHA, acha kweli, tafuta fundi.

Nazungumzia moteri ndogo za stroki mbili, za farasi 5 hadi 40, kwa sababu ndizo zinazosukuma pirogi nyingi kati ya Goma, Minova, Idjwi na Bukavu. Na kabla ya kutoka ufuoni hakikisha chomboni mna bujii (plagi za cheche) mbili mpya, funguo ya bujii, koleo, turnavisi (bisibisi), pini za akiba, waya mwembamba, chupa tupu ya maji isiyo na rangi, tochi, kafi mbili na jile (jaketi la kuokolea) kwa kila kichwa. Asiye na kafi asinipigie simu akiwa katikati ya ziwa.

## Moteri haiwaki kabisa

Tazama kwanza kamba ya usalama: kile kibanio chake kimekaa mahali pake? Gia iko katikati? Moteri nyingi hazikubali kuwaka gia ikiwa imeingia.

Kisha tanki. Juu ya kifuniko kuna kisikurubu cha kupitishia hewa. Watu hukifunga wakati wa kubeba ili mafuta yasimwagike, wakifika majini hawakifungui. Kifungue. Halafu kamua lile pera la mpira lililo kwenye tuyo (mpira wa kupitishia mafuta), mshale wake ukielekea moteri na umeliinua wima. Liko sawa likiwa gumu mkononi. Likibaki laini hata ukikamua mara 20, ama tanki ni tupu, ama tuyo inavuta hewa mahali fulani. Paka maji ya sabuni kwenye maungio yote na ukamue tena. Panapotoa mapovu ndipo palipoungwa vibaya. Nyoosha pia tuyo yenyewe. Nimewahi kukuta mtu amekaa juu yake.

Ikiwa mafuta yanafika na bado hakuna kitu, nusa. Harufu kali ya esansi (petroli) maana yake moteri imelewa: umevuta kamba mara nyingi huku choki (kizibo cha hewa) imefungwa, mafuta yamejaa ndani. Fungua choki, toa bujii, zikaushe kwa kitambaa. Nyaya za bujii ziguse chuma cha moteri, usiziache zinaning'inia, maana cheche ikiruka hewani inawasha mvuke wa mafuta na inaweza pia kuunguza kile kisanduku cha umeme. Vuta kamba mara tano au sita ili mafuta yatoke kwenye silinda, subiri upepo uyapeperushe, rudisha bujii, jaribu tena bila choki.

Ukiwa nazo mkononi, zisome hizo bujii. Rangi ya kahawa yenye maziwa ni afya. Nyeusi yenye mafuta ni oili nyingi au choki iliyosahaulika. Kavu kabisa: mafuta hayafiki. Yenye matone yasiyochanganyika na mafuta: maji.

Maji kwenye esansi ndiyo ugonjwa wetu mkubwa, tuuzungumzie vizuri. Esansi ya kadhafi, yaani muuzaji wa barabarani, inapita mikono mingi na bidoni (madumu) nyingi kabla ya kufika kwako, na kuna bidoni iliyobeba maji jana. Simlaumu kadhafi, naye ameuziwa. Dawa ni ile chupa tupu. Kabla hujachanganya oili, mimina esansi kidogo ndani yake, iweke imetulia dakika kumi, kisha iangalie dhidi ya jua. Maji ni mazito, yatakaa chini na mstari utauona wazi. Kwa mafuta ya taa yaliyochanganywa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: esansi safi itapaa karibu yote, mafuta ya taa yataacha doa. Jaribio hili halina maana ukishatia oili, kwa sababu oili nayo inaacha doa.

Ukishajua maji yameingia, si tanki tu la kumwaga. Safisha filtri, legeza kisikurubu kilicho chini ya kabureta ili bakuli lake lijimwage, kamua pera mpaka yatoke mafuta matupu.

Imebaki cheche. Chomeka bujii kwenye waya wake, iguse chuma cha moteri mbali na tundu la silinda, mwenzako avute kamba huku wewe umeziba jua kwa kofia. Cheche ya buluu, sawa. Hakuna cheche: badili bujii. Bado hakuna: angalia kama waya wa kitufe cha kuzimia umechubuka ukagusa chuma au umelowa. ACHA hapo. Vilivyobaki, yaani koili na kisanduku cha umeme, havitengenezwi kwa kubahatisha, na kununua kipya bila kupima ni kutupa dola.

Ikiwa kamba yenyewe haivutiki, imekaza kama imefungwa, toa bujii ujaribu tena. Ikilegea na kumwaga maji, kulikuwa na maji ndani ya silinda. Isipolegea, pistoni imeshika. Usitumie nguvu, na usimruhusu yule rafiki mwenye misuli ajaribu. ACHA.

## Inawaka, inakwenda, halafu inakufa katikati ya maji

Ile hewa ya tanki tena. Tanki lililofungwa linakwenda dakika tano, kumi, kisha linajibana na mafuta hayatoki. Mimi mwenyewe, miaka ambayo nilidhani najua, nilizimikiwa mara tatu kati ya Goma na Minova nikiwa na magunia ya mihogo na mama watatu wanaoomba kwa sauti. Kila nikifungua kifuniko kutazama kama mafuta yamo, hewa iliingia, moteri ikawaka, nikajisifu. Mama mmoja ndiye aliyesema: "Baba, acha hicho kifuniko wazi tufike." Tulifika.

Ikiwa hewa ni wazi, mwambie mtu akamue pera wakati moteri inaanza kufa. Kipimo hiki hakina gharama na kinasema mengi. Ikifufuka kila ukikamua, moteri haivuti mafuta yenyewe: ama tuyo ina ufa unaoingiza hewa, ama ngozi ya pampu ya mafuta imechoka. Pera likijinyonya na kubonyea lenyewe, kizuizi kiko upande wa tanki, mara nyingi kwenye kile kichujio cha ndani kilichojaa uchafu. Pera likiwa gumu na moteri inakufa tu, uchafu umefika kabureta.

Kabureta unaweza kuisafisha mwenyewe ufuoni, ukitandika kitambaa cheupe chini ili visikurubu visiruke. Toa bakuli, toa jeti (kile kisikurubu chenye tundu la kupitishia mafuta), puliza. Usichokonoe tundu la jeti kwa waya wa chuma. Ukilipanua hata kwa unywele, moteri itakunywa mafuta kuliko chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, inavyokunywa jasho. Nyuzi ya nailoni ya kuvulia inatosha.

Ikiwa inakufa na kapo ni ya moto kiasi kwamba huwezi kuweka mkono, usikamue chochote. Nenda dalili inayofuata.

Jambo moja la ufuoni. Upande wetu, kuanzia Goma kuelekea Sake na ghuba ya Kabuno, kuna mazuku, ile hewa ya kaboni inayotoka ardhini na kulala kwenye mabonde kwa sababu ni nzito. Mahali ambapo kiberiti kinazimika bila upepo, moteri nayo haitapumua. Hapo usitafute bujii. Panda juu upesi, waite wenzako, usimwinamie aliyeanguka bila msaada. Gesi ya metani ya ziwa ni jambo lingine: imeyeyuka kwenye maji ya kina kirefu, zaidi ya mita 200 chini, haina uhusiano wowote na moteri yako kuzimika, hata kama wazee wa bandarini wanasimulia vizuri.

## Haikojoi

Kila mvuvi anajua: moteri nzima inakojoa. Ule mrija mwembamba wa maji unaotoka nyuma unakwambia kwamba maji yanazunguka ndani na kupoza silinda. Ukiwasha na sekunde 20 zikapita bila mkojo, zima.

Mara nyingi tundu la mkojo lenyewe ndilo limeziba, mchanga au mdudu amejenga. Ingiza nyuzi nene ya nailoni, chezesha, washa tena. Halafu inua moteri utazame mlango wa maji chini, karibu na elise (pangaboi). Mifuko ya plastiki ni mingi sana majini. Kule Bukavu takataka zinazoelea hujikusanya mpaka mlango wa mto Ruzizi na kusumbua mitambo ya umeme. Moteri yako ya farasi 15 itafanya nini? Toa mfuko, washa, tazama.

Bado? Basi ni impela, ile nyota ya mpira iliyo ndani ya pampu ya maji. Hapa Goma inachakaa haraka kwa sababu ufuo wetu ni lava iliyosagika. Ukiendesha kwenye maji ya kina cha goti, moteri inanyonya mchanga mweusi wenye makali, na mpira unasagwa. Ndiyo maana nasema: sukuma pirogi kwa kafi mpaka elise iwe na maji ya kutosha, ndipo uwashe. Na usiwashe moteri ikiwa juu kavu "kusikia tu sauti". Maji ndiyo mafuta ya ile impela. Bila maji, sekunde chache zinatosha kuiunguza.

Kubadili impela unahitaji kushusha mguu wa moteri, kutenganisha fito ya gia, kufungua nyumba ya pampu. Si kazi ya ajabu, lakini kuna vitu vitatu vinavyowashinda wanaojaribu mara ya kwanza. Kile kiufunguo kidogo cha chuma kinachoshika impela kwenye mhimili kinaanguka majini. Mabawa ya impela yanapindwa upande usio wake, wakati yanatakiwa kulala kinyume na mwelekeo wa mzunguko, kwa hiyo unaingiza huku ukizungusha mhimili upande ule ule moteri inakozungukia. Na jointi (gasketi) ya zamani inarudishwa kwa sababu "bado nzuri". Hesabu pia mabawa ya impela ya zamani. Likipungua moja, limo ndani ya njia za maji na litaziba tena wiki ijayo.

Impela mpya, mlango safi, na bado moto? Tazama thamostati. Maji ya Kivu yana magadi na madini, si kama maji ya mto wa mlimani, na yanaacha ukoko mweupe ule ule unaouona kwenye mawe ya ufuoni. Itoe, iloweke kwenye siki usiku mmoja, kisha itumbukize kwenye sufuria ya maji baridi jikoni ukiyapasha polepole. Inapaswa kufunguka maji yakiwa ya moto lakini mbali na kuchemka. Moteri nyingi ndogo zinafunguka kati ya nyuzi joto 48 na 60. Isipofunguka mpaka maji yachemke, imekufa. Mtu atakushauri uitupe uendeshe bila. Moteri itapoa kupita kiasi, bujii zitalowa, utarudi kwenye dalili ya kwanza.

ACHA ikiwa moteri ilitoa mvuke, ilipoteza nguvu ghafla na kuanza kugonga kama mtu anayepiga bomba. Usiiwashe tena "mpaka ufuoni tu". Piga kafi. Pistoni zilizokwaruzwa zinaweza kuokolewa, zilizoyeyuka haziokolewi.

## Inanguruma, lakini pirogi haisogei

Zima, toa kamba ya usalama, chomoa nyaya za bujii. Ndipo mkono uende kwenye elise. Utaratibu huu haurukwi hata siku moja. Vidole havina akiba.

Moteri ndogo sana zina pini laini inayokatika elise ikipiga jiwe. Imekatika kwa makusudi ili gia zisivunjike. Weka nyingine. Usiweke msumari. Msumari haukatiki, na kinachokatika badala yake ni gia.

Moteri kubwa kidogo hazina pini, zina kitovu cha mpira ndani ya elise. Mpira ukichoka, mhimili unazunguka, elise inabaki nyuma. Kwa kasi ndogo inasukuma, ukiongeza inateleza na moteri inalia. Kuhakikisha, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kitovuni hadi kwenye elise yenyewe, nenda mwendo mfupi, zima, tazama. Mstari ukiwa umeachana, ni mpira. Rudi nyumbani kwa kasi ya bata.

Halafu kuna nyavu, kamba na nyuzi za kuvulia. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanatandaza nyavu usiku, wengine wanatupa nyuzi za mkono, na elise inaokota vyote. Wavu unaonekana, unaukata, unaomba msamaha kwa mwenye wavu, unalipa. Nyuzi ya nailoni haionekani. Inajizungusha nyuma ya elise, inaingia kati ya elise na mguu, inapata moto, inayeyuka, inakata mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia. Moteri inaendelea kwenda vizuri. Miezi miwili baadaye gia zimeoza.

Niliwahi kutoa elise ya mteja mmoja kutoka Idjwi na kukuta nyuma yake pete ngumu ya nailoni, nene kama bangili, ya kijani, imeshikana kama imetiwa gundi. Niliikata kwa kisu kipande kipande. Chini yake midomo ya mpira ilikuwa imenyolewa. Kwa hiyo toa elise kila mwezi: fungua pini ya kupinda, fungua nati, vuta, kumbuka mpangilio wa visahani, safisha, paka grisi, rudisha na pini mpya.

Na oili ya gia? Tazama rangi yake. Fungua kisikurubu cha chini kwanza, acha itoke kidogo. Nyeusi au ya dhahabu ni sawa. Nyeupe kama chai ya maziwa ina maji. Vipande vya chuma vinavyong'aa, ACHA. Kujaza ni kutoka chini kwenda juu: unaminya oili ya gia kwenye tundu la chini mpaka itoke tundu la juu, unafunga la juu kwanza, la chini baadaye. Anayemimina kutoka juu anafungia hewa ndani. Ikiwa oili mpya imegeuka nyeupe tena baada ya safari chache, mipira ya mhimili lazima ibadilishwe na mguu upimwe kwa hewa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

## Haina nguvu kama ilivyokuwa Uvira

Dalili hii naipenda kwa sababu watu wanakuja wakiwa wamekasirika. Wamenunua moteri iliyotumika Uvira au Kalemie, kule ilikuwa inaruka, hapa imekuwa mzee. Aliyewauzia hakuwadanganya. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, Kivu iko 1,460. Hewa huku ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Farasi 15 zilizoandikwa kwenye kapo, hapa Goma ni kama 13. Na kwa kuwa hewa imepungua lakini jeti ni ile ile, mafuta yanazidi: moshi, bujii nyeusi, kiu.

Suluhisho la kwanza ni elise yenye msukumo mdogo. Kwenye elise kuna namba mbili: ya kwanza ni upana, ya pili ni hatua, yaani umbali ambao elise ingesonga katika mzunguko mmoja. Kupunguza hatua kwa inchi moja huongeza mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika, na moteri inapumua tena. Kubadili jeti ni hatua ya pili, afanye fundi anayeijua kabureta hiyo. Jeti ndogo kupita kiasi inaunguza pistoni, na siku utakayoirudisha Uvira bila kubadili, itaungua kweli.

Lakini kabla ya kununua elise, pima mzigo. Na tazama urefu wa moteri kwenye ubao wa nyuma: lile bamba la juu ya elise linapaswa kuwa sawa na sakafu ya chini ya pirogi, au sentimita mbili tatu chini yake. Likiwa juu mno, elise inakunywa hewa.

Kuhusu oili: soma kitabu au kibandiko cha moteri yako. Nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwenye bidoni ya lita 20. Tumia oili ya moteri za majini, yenye maandishi TC-W3. Oili ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo. Kuongeza oili "kwa usalama" kunakupa moshi na bujii zilizoziba, hakukupi usalama.

## Taa za sambaza zinafifia usiku wa manane

Sambaza waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo usiku wetu ni wa taa. Taa ikififia, anza na vichwa vya batri: unga mweupe au wa kijani ukwangue, ukaze nati. Kisha waya, hasa pale ulipoungwa kwa kusokota na kufungwa mfuko. Kisha pima batri asubuhi, ikiwa imepumzika bila taa. Volti 12.6 ni imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 inalia. Ikifika 12.6 mchana na kuanguka ndani ya saa moja ya taa, imezeeka, panele mpya ya jua haitaiponya.

Kuongeza maji, nunua maji ya batri. Maji ya ziwa yana madini, na maji ya mvua hapa Goma yanapita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo kabla ya kufika kwenye bati lako. Usivute sigara juu ya batri inayochajiwa, inatoa gesi inayolipuka. Batri iliyovimba usiifungue.

## Nyuzi inakatika, mulineti inasaga

Mulineti (magurudumu ya kukunjia nyuzi kwenye fimbo) nyingi za mitumba zinazofika sokoni zilitengenezwa kwa samaki wa Marekani anayeitwa besi. Kivu hatuna besi, tuna tilapia na kambale, lakini mulineti haiulizi.

Nyuzi ikikatika karibu na ndoana, ni fundo: lilikazwa kavu, likajiunguza. Liloweshe kwa mate kabla ya kuvuta. Ikikatika mita moja au mbili juu, ni mawe. Lava ya mwaka 2002 iliingia ziwani hapa mjini na mpaka leo inanyoa nyuzi kama wembe. Pitisha vidole kwenye mita mbili za mwisho kila baada ya samaki, ukisikia mkwaruzo, kata ufunge upya. Ikikatika popote, bila mpangilio, nyuzi imekaangwa na jua, badili yote. Au pete ya fimbo ina ufa: pitisha pamba ndani ya kila pete, itakapong'ang'ania ndipo penye ufa.

Nyuzi inayojisokota, ivute nyuma ya pirogi ikiwa haina ndoana wala risasi, mita 50 hivi kwa mwendo wa polepole, ikunjue tena ukiibana kwa vidole. Mulineti inayosaga imekula mchanga: ifungue, ioshe, grisi kidogo kwenye gia, tone la oili kwenye mhimili. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa kila kipande. Breki ilegeze ukimaliza kuvua, vile visahani vyake vinabonyea vikiachwa vimekazwa.

Ndoana ikimwingia mtu jichoni au karibu na jicho, au ikazama shingoni, kata nyuzi, usiivute, funika bila kubana, hospitali.

## Pirogi inaingiza maji

Mbao zilizokaa juani zinasinyaa. Pirogi iliyopanda nchi kavu wiki mbili itavuja siku ya kwanza, kisha mbao zinavimba na kuziba. Iloweke karibu na ufuo usiku mmoja kabla ya kuilaumu. Ikiendelea, kausha ndani, nyunyiza unga mweupe wa muhogo kwenye maungio, irudishe majini, uone unga unalowa wapi kwanza. Hapo ndipo pa kutia kalafati upya. Misumari yenye kutu inatoa machozi mekundu, ifuate.

Ubao wa nyuma unaobeba moteri ugonge kwa kitako cha turnavisi. Sauti kavu ni mbao, sauti ya boga ni uozo. Ukioza, ACHA, hakuna kalafati ya uozo. Moteri itaondoka na ubao siku ya mawimbi. Mwite seremala wa pirogi, na wakati anafanya kazi moteri ikae nyumbani.

Na kama maji yanaingia kwa juu, kwenye kingo, hiyo si pirogi mbovu, ni mzigo. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilipinduka karibu kabisa na Kituku, watu wakiitazama kutoka ufuoni. Weka alama ya rangi ubavuni, kiganja na nusu chini ya ukingo pirogi ikiwa imetulia. Alama ikizama, mtu mmoja ashuke na gunia lake, angojee safari ya saa nane.